Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili na Matatu katika Maandishi ya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa yameulizwa tena na tena na watu wa Uganda wanaozungumza Kiswahili nyumbani, sokoni au kambini, na ambao kazi inawalazimu kuandika kwa Kiingereza: makarani wa maduka ya jumla Arua, mawakala wa forodha Malaba na Busia, askari, walimu wa shule za msingi, na vijana wanaotuma maombi ya kazi Kampala. Kiingereza ni lugha rasmi ya nchi kwa Ibara ya 6 ya Katiba ya 1995, na tangu marekebisho ya 2005 ibara hiyo hiyo inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Wengi wetu tunaishi katikati ya lugha hizo mbili, na hapo ndipo maswali haya yanapozaliwa.

Misingi

1. Ni vitenzi gani vinavyozungumziwa hapa?

Ni vitenzi vya Kiingereza vinavyoundwa kwa kitenzi cha kawaida, mara nyingi kifupi, kikifuatwa na neno dogo moja au mawili ambayo kwa pamoja yanakipa maana mpya. Kitenzi "give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa au kuacha. Kitenzi "look" ni kutazama, lakini "look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, "look into" ni kuchunguza, na "look down on" ni kudharau. Katika ukurasa huu neno dogo linalofuata kitenzi nitaliita kineno, kwa kuwa wanasarufi wenyewe hawakubaliani kama ni kihusishi au ni kielezi, na kwa mwandishi wa barua ubishi huo hauna faida.

Kila muungano wa namna hii uchukuliwe kuwa msamiati mmoja unaojitegemea. Mtu anayejua "give" hajajua "give up", kama vile mtu anayejua maana ya kupiga hajajua bado kupiga kura.

2. Kwa nini nikitafsiri neno moja moja napotea?

Kwa sababu maana ya muungano haipatikani kwa kujumlisha maana za sehemu zake. Wakati mwingine jumla hiyo inakaribia, kama katika "sit down" na "come in". Mara nyingi haikaribii hata kidogo, na hatari kubwa iko pale inapoonekana kukaribia.

Jirani yangu mfanyabiashara wa mchele aliwahi kumwandikia msambazaji wake wa Mombasa ujumbe wa simu wenye sentensi hii: "Please call off the lorry." Alifikiri kwamba kwa kuwa "call" ni kuita na "off" ni kuondoka, basi sentensi yake inasema lori liitwe liondoke yadi lianze safari. Kumbe "call off" ni kufuta jambo lililokwisha kupangwa. Msambazaji alimwelewa sawasawa kama alivyoandika, akaifuta safari. Siku mbili baadaye jirani yangu alikuja kwangu na simu mkononi, akaniuliza kosa liko wapi, kwa maana kila neno la sentensi ile alikuwa analijua.

3. Je, Kiswahili nacho kina vitenzi vya namna hii?

Kinavyo, na naliona swali hili kuwa ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu mwenye kulijibu vizuri huacha kuviogopa vitenzi vya Kiingereza. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kujifunza kwamba kitenzi na mwenzake huweza kuzaa maana ya tatu. Amelijua hilo tangu utotoni.

Tazama kitenzi piga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga mbizi, tunapiga hodi, tunapiga marufuku. Hakuna anayepigwa katika hayo yote. Tazama pia kata: kukata tamaa, kukata rufaa, kukata shauri, kukata tiketi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulalamikia mafungu hayo kwa maneno yale yale tunayolalamikia "put off" na "put up with". Tofauti ni kwamba sisi tunaliweka jina baada ya kitenzi, na Kiingereza kinaweka kineno.

Kuna njia ya pili, na hii imo ndani ya kitenzi chenyewe. Kazi kubwa ambayo Kiingereza kinaifanya kwa vineno, Kiswahili kinaifanya kwa viambishi vya mnyambuliko. Funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua: mwisho wa kitenzi ukibadilika, tendo linageuzwa kinyume. Mfano mzuri kuliko yote naupata katika kuisha. Mwendesha bodaboda aliyezimikiwa na pikipiki njiani husema mafuta yamekwisha, au husema nimeishiwa mafuta. Kiingereza kina jozi ile ile: "the fuel has run out", ambapo mafuta ndiyo mtenda, na "I have run out of fuel", ambapo mtenda ni mtu. Anayetofautisha kuisha na kuishiwa ameshazielewa sentensi zote mbili za Kiingereza, na kilichobaki ni kukumbuka kwamba ile ya pili inadai "of".

4. Vineno vyenyewe vina maana yoyote ya kutegemea?

Vina mwelekeo wa maana, na mwelekeo huo husaidia kukisia, ingawa hautoshi kuandikia. Kineno "up" mara nyingi huongeza dhana ya kumaliza kabisa: "use up" ni kutumia chote, "dry up" ni kukauka kabisa. Kineno "out" huelekea kwenye kuisha au kusambaa, kama katika "sell out", na "give out" ya kugawa vitu. "Off" hutenganisha, kama "cut off". "Over" huleta dhana ya kupitia jambo tena, kama "think over" na "go over". "Back" hurudisha. "Down" hupunguza: "slow down", "cut down".

Mwelekeo huu una vituko vyake. Nyumba ikiungua kwa Kiingereza unaweza kuandika "burned down", na karatasi ikiungua "burned up", na zote mbili zimekwisha. "Throw out" ni kutupa nje, lakini "throw up" ni kutapika, na haifai kuiandika katika ripoti ya usafi wa soko.

5. Vilitoka wapi, na kwa nini ni vingi hivi?

Kiingereza cha kale kilikuwa na tabia ya kutanguliza kiambishi mbele ya kitenzi, na mabaki yake bado yapo katika "understand", "withstand" na "forgive". Kwa karne nyingi tabia hiyo ilififia, na vineno vinavyofuata kitenzi vikachukua nafasi yake. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na mahakama, na Kilatini kilibaki lugha ya kanisa na elimu. Vitenzi kama "postpone", "extinguish" na "tolerate" ni uzao wa Kilatini, vingine vikiwa vimepitia Kifaransa, ilhali "put off", "put out" na "put up with" vimeundwa kwa maneno mafupi ya nyumbani. Ndiyo maana hadi leo Kiingereza kina jozi nyingi za vitenzi vyenye maana moja, kimoja kikivaa suti na kingine kikivaa nguo za kazi.

Ugumu wake kwa wageni si habari mpya. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika wazi kwamba muungano wa kitenzi na kineno ndio unaowapa wageni taabu kubwa kuliko yote, akatoa mifano kama "come off" na "break off". Jina ambalo wanasarufi wa Kiingereza wanaviita vitenzi hivi leo, "phrasal verbs", lilienea kupitia maandishi ya Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye alisema amelipata kwa Henry Bradley, mhariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Muundo wa sentensi

6. Yambwa iwekwe katikati au mwishoni?

Inategemea kama yambwa, yaani kile kinachotendewa, ni nomino au ni kiwakilishi. Ikiwa ni nomino, vitenzi vingi vinakubali mahali pote pawili: "They turned down the offer" na "They turned the offer down" zote ni sahihi, na zote maana yake ni kwamba walikataa. Ikiwa ni kiwakilishi kama "it", "him" au "them", lazima kikae katikati: "They turned it down." Kuandika "They turned down it" ni kosa, na mwenye Kiingereza chake hulisikia papo hapo.

Mwanafunzi wangu mmoja alinifungulia macho kuhusu hili. Aliandika ubaoni "wameikataa", akapigia mstari ile i iliyo katikati, halafu chini yake akaandika "turned it down" na kupigia mstari "it". Ni kweli. Kiswahili kinaweka kitendwa ndani ya tumbo la kitenzi kinapokuwa kiambishi, na Kiingereza kinafanya vivyo hivyo kinapokuwa kiwakilishi. Tangu siku hiyo sijaifundisha kanuni hii kwa njia nyingine.

Yambwa ikiwa ndefu, iache mwishoni hata kama ni nomino, maana msomaji akisubiri kineno kwa muda mrefu husahau kitenzi. Andika "They turned down the offer that the landlord made last week", wala usilisukume "down" hadi mwisho wa sentensi nzima.

7. Ni vipi visivyokubali kutenganishwa?

Ni vile ambavyo kineno chake kinafanya kazi ya kihusishi na kimeshikamana na yambwa kuliko na kitenzi: "look after", "look for", "look into", "come across", "deal with", "apply for". Hapa hata kiwakilishi hukaa mwishoni: "I will look into it", "She looks after them". Hakuna alama ya nje inayovitambulisha kwa macho. Masikio husaidia kidogo, kwa kuwa katika "turn it down" mkazo huangukia kineno, na katika "look at it" mkazo hubaki kwenye kitenzi.

Vipo pia vile visivyo na yambwa kabisa, kama "break down" ya gari kuharibika, "show up" ya mtu kutokea, na "grow up" ya kukua. Usiseme "The driver broke down the car" ukimaanisha kwamba gari liliharibika mikononi mwa dereva, andika "The car broke down."

8. Na vile vya maneno matatu?

Hivyo ni rahisi kuliko vinavyoonekana, kwa sababu kwa kawaida havitenganishwi, na yambwa hufuata neno la tatu: "put up with the noise" ni kuvumilia kelele, "run out of sugar" ni kuishiwa sukari, "catch up with the others" ni kuwafikia wenzako, "do away with the fee" ni kuondoa ada. Kosa la kawaida ni kudondosha neno la mwisho. "Put up" bila "with" ni kujenga, kubandika au kumpa mtu malazi. Aliyeandika "We cannot put up these visitors" amesema hana mahali pa kuwalaza wageni, ingawa alitaka kusema amechoka nao. Kuhusu "look forward to", tazama swali la 12.

9. Lini niandike "log in" na lini "login"?

Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili, na nomino huandikwa kwa neno moja au kwa kistari. Unaandika "Please log in" lakini "Your login has expired". "We set up the office" lakini "the office setup". "Back up your files" lakini "Keep a backup". Ukitaka kujipima, kiweke kitenzi katika wakati uliopita. Unasema "logged in", na hakuna anayesema "logined", kwa hiyo palipo na tendo lazima maneno yawe mawili.

10. Ni kosa kumaliza sentensi kwa kineno?

Si kosa. Wazo hili lina umri wa karne tatu na zaidi: mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson kwa kumaliza sentensi kwa kihusishi, na walimu wa baadaye wakaligeuza lawama hilo kuwa sheria. Kwa vitenzi vya aina hii sheria hiyo haitekelezeki bila kuiharibu sentensi. "This is a delay we cannot put up with" ni Kiingereza safi.

Barua, ripoti na maombi

11. Nilifundishwa kwamba vitenzi hivi ni lugha ya mitaani. Je, niviepuke katika barua rasmi?

Fundisho hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki imewaumiza watu wengi. Ni kweli kwamba penye jozi, kile cha Kilatini huwa na uzito wa kiofisi zaidi: katika barua ya wizara "The meeting has been postponed" inakaa vizuri kuliko "The meeting has been put off". Ni kweli pia kwamba baadhi ni vya mazungumzo tu, kama "hang out" na "chill out", na havina nafasi katika barua ya kuomba kazi.

Lakini vingi havina daraja lolote la chini. Watafiti wa Makerere huandika "The study was carried out in Gulu", na hakuna anayewakosoa. Gari "broke down" hata katika ripoti ya polisi. Sheria yenyewe inavitumia: kampuni inapofungwa kisheria, mawakili huita jambo hilo "winding up", na hati ya madai inayotupwa na mahakama huandikwa kwamba imekuwa "struck out". Mtu anayevikimbia vyote huishia kuandika sentensi nzito zisizoaminika. Nimesoma barua ya mzazi kwa mwalimu mkuu iliyosema "My child ascended in Koboko", kwa kuwa aliogopa kuandika "grew up". Kosa lile lilitokana na woga aliofundishwa darasani, na mwalimu aliyemfundisha ndiye anayestahili kuulizwa.

Shauri langu ni hili: ikiwa kitenzi kimoja chenye maana ile ile kamili kipo na unakijua vizuri, kitumie katika barua ya ofisi. Ikiwa hukijui vizuri, andika kile cha maneno mawili unachokijua.

12. "I look forward to hear from you" au "to hearing from you"?

Ni "to hearing from you". Neno "to" hapa ni kihusishi, halina uhusiano na ule "to" wa "I want to hear". Kipimo ni kuweka nomino: ikiwa "I look forward to your reply" inakubalika, na inakubalika, basi kitenzi kinachokaa mahali pa nomino hiyo lazima kiishie kwa "-ing". Kipimo hicho hicho kinafaa kwa "be used to" na "object to".

13. Fomu inajazwa kwa "fill in" au "fill out"?

Kwa vyote viwili. Waingereza huelekea kusema "fill in" na Wamarekani "fill out". Kwa Uganda, ambako shule zinafuata desturi ya Kiingereza cha Uingereza, "fill in" ndiyo salama zaidi. Kujaza nafasi moja iliyoachwa wazi ni "fill in" kila mahali.

14. Mkutano ukisogezwa, niandikeje bila kuwachanganya watu?

"Bring forward" ni kuufanya mkutano mapema kuliko ilivyopangwa, na "put off" ni kuuahirisha. Tatizo liko kwa "move forward" na "push", ambavyo wasomaji huvielewa kinyume kwa kinyume. Katika tangazo la mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au la kamati ya shule, andika tarehe ya zamani na tarehe mpya, zote mbili kwa tarakimu, bila kukiachia kitenzi kazi hiyo peke yake.

Kiingereza cha Uganda

15. Kila mtu hapa husema "I will pick you at five". Ni kosa?

Katika mazungumzo ya Kampala si kosa, kwa maana kila msikilizaji anaelewa. Hata simu isiyopokelewa tunasema "he is not picking". Nje ya Afrika Mashariki, "pick" peke yake ni kuchuma au kuchagua, kwa hiyo mgeni wa Uingereza akiandikiwa "The driver will pick you" anaweza kudhani amechaguliwa kati ya wengi. Unapoandikia watu wa nje, rudisha "up": "The driver will pick you up."

Nadhani kineno hiki kilidondoka kwa sababu lugha zetu hazikuona haja yake. Kiswahili kina kuchukua, Luganda ina "okunona", na kila kimoja ni kitenzi kamili. Vivyo hivyo kondakta wa teksi husema "extend" pale Kiingereza cha kwingine kinaposema "move over", kwa kuwa sogea ni neno moja.

16. Je, ni "cope with" au "cope up with"? Na "discuss about", "request for"?

Ni "cope with". Ile "up" imeazimwa kutoka "keep up with" na "catch up with", nayo imeenea mno katika magazeti na hotuba, lakini mtahini hukata alama. "Discuss" haitaki kineno: "We discussed the budget." "Request" ikiwa kitenzi haitaki "for", ikiwa nomino inaitaka: "We requested a loan", "our request for a loan". "Emphasise" ni kama "discuss". Kinachotupotosha katika vyote hivi ni kwamba katika lugha zetu tunasema kuzungumza kuhusu, kuomba kwa ajili ya, na kutilia mkazo juu ya.

17. Naweza kuandika "Off the lights"?

Usiandike. Vineno "on" na "off" haviwi vitenzi kwa amri. Andika "Turn off the lights" au "Switch off the lights". Huku kwetu wengi huandika pia "put off the lights", na msomaji wa hapa anaelewa. Katika bango la hosteli au ofisi napendelea "switch off", kwa kuwa "put off" ina maana nyingine inayotumika zaidi, ile ya kuahirisha.

Yanayotatanisha

18. Gazeti liliandika kwamba askari wapya "passed out". Walizimia?

Hapana, walihitimu. "Pass out" ina maana mbili zilizo mbali kabisa: kuzimia, na kumaliza mafunzo ya kijeshi au ya polisi kwa gwaride rasmi. Maana hii ya pili ni ya Kiingereza cha Uingereza, na Uganda imeishika sana kwa sababu ya magwaride ya jeshi na polisi. Inashangaza kidogo kwamba askari hao hao, ambao wameishi kambini kwa Kiswahili, hutangazwa siku ya kuhitimu kwa fungu la Kiingereza linaloweza kumtia hofu mzazi. Muktadha ndio unaoamua. Ukiona gwaride na mgeni wa heshima, ni kuhitimu. Ukiona jua kali na maji, soma sentensi hadi mwisho.

Vitenzi vingine vyenye nyuso nyingi ni "make up", ambayo ni kupatana baada ya ugomvi, kutunga uongo, au kufidia muda uliopotea, na "take off", ambayo ni kuvua nguo au ndege kupaa. Kwa hivi, andika maana moja tu kwa siku katika daftari lako, pamoja na sentensi.

19. "Look over" na "overlook" ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili vinavyopingana. "Look over" ni kupitia jambo kwa macho, kulikagua. "Overlook" ni kutoliona, kulipita, au kulisamehe. Nililipata somo hili kwa bei kubwa. Nilipomaliza chuo niliandika barua ya kuomba kazi ya ukarani katika ofisi moja, na baada ya kuorodhesha vyeti vyangu nikamalizia: "Kindly overlook the attached documents." Niliomba kwa adabu zote kwamba vyeti vyangu visitazamwe. Sikuitwa. Miaka kadhaa baadaye, nikisahihisha insha ya mwanafunzi, nilikutana na kosa lile lile, nikainuka nikaitafuta nakala ya barua yangu kwenye kabati, nikaisoma nikiwa nimesimama.

Angalia pia "take over", kushika madaraka, na "overtake", kulipita gari lingine barabarani. Kineno kikihamia mbele ya kitenzi, chukulia kwamba umepata neno jingine, kisha fungua kamusi.

20. Nivitafute wapi katika kamusi, na nivijifunze kwa mpangilio gani?

Katika kamusi nyingi vimo chini ya kitenzi kikuu, mwishoni mwa maelezo yake: "call off" utaikuta chini ya "call". Usijifunze kwa orodha ya "get" yote kwa siku moja. Orodha hizo zinachanganya vineno kichwani hadi hujui kipi ni cha kipi. Chukua kutoka kwenye maandishi unayoyahitaji. Wakala wa forodha aanze na "hold up", "clear up", "hand over". Mwalimu aanze na "hand in", "write down", "drop out". Kila kimoja kiandikwe ndani ya sentensi nzima, na yambwa yake ikiwa mara moja nomino na mara moja kiwakilishi, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 6.

Kwa mtahiniwa wa darasa la saba, swali la kuandika upya sentensi bila kubadilisha maana ndilo linalovipima zaidi. Anayejua kwamba "put up with" na "tolerate" ni ndugu, hulijibu bila jasho.

21. Nikitafsiri barua ya Kiingereza kwenda Kiswahili, vineno nivipeleke wapi?

Usivipeleke popote. Tafuta kitenzi cha Kiswahili kilichobeba maana nzima, au fungu letu wenyewe. "Give up" ni kata tamaa, "put off" ni ahirisha, "find out" ni gundua, "carry out" ni tekeleza, "turn down" ni kataa. Nimeona barua zilizotafsiriwa na programu za simu zikisema "ninaangalia mbele kusikia kutoka kwako". Mswahili hamalizi barua hivyo. Huandika "natarajia jibu lako", na ikiwa anamwandikia mkubwa wake, "nitashukuru kupata jibu lako".

Pale ambapo "up" inaongeza dhana ya kumaliza, kama katika swali la 4, Kiswahili kina nyenzo zake: "they used up the water" unaweza kuitafsiri walimaliza maji yote, au waliyatumia maji yakaisha. Ya kwanza ni fupi na inafaa ripoti. Ya pili ndiyo ningeichagua kama nasimulia mkasa wa kisima.